Posumu-asali, oposumu, danati au antekino: ni mnyama yupi anayefaa kuchunguzia mbegu za kiume za mamalia wenye mfuko?

Anayetaka kuchunguza uzazi wa dume kwa mamalia wadogo wenye mfuko hulazimika kuchagua kabla hata hajashika hadubini, kwa sababu mbegu za wanyama hawa hutofautiana sana kutoka spishi moja hadi nyingine, na jibu lililopatikana kwa mmoja haliwezi kuhamishiwa kwa mwenzake kiholela. Wanne nitakaowalinganisha hapa wote hutosha kwenye kiganja cha mkono: posumu-asali (Tarsipes rostratus) wa kusini-magharibi mwa Australia, oposumu mkia-mfupi (Monodelphis domestica) wa Brazili, Bolivia na Paragwai, danati mkia-mnono (Sminthopsis crassicaudata) wa nyanda kavu za kusini mwa Australia, na antekino wa kahawia (Antechinus stuartii) wa misitu ya mashariki mwa nchi hiyohiyo.

Niseme mapema ninakoegemea, ili msomaji ajue anasoma maoni ya nani. Wengi huvutwa na posumu-asali kwa kuwa ndiye mwenye mbegu ndefu kuliko mamalia wote waliopimwa, nami nilivutwa vivyo hivyo. Hata hivyo, urefu wa mbegu ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni kazi inayofanywa na mbegu hiyo ndani ya mwili wa jike, na kwa hilo mnyama wa kumchagua ni yule ambaye mbegu yake unaweza kuifuata tangu korodani hadi kwenye yai. Kwa kipimo hicho, danati na oposumu wanampita mshika rekodi.

Wanachofanana

Kabla ya kuwatofautisha, inafaa kuweka wazi umbile ambalo wote wanne wanalo na ambalo huwashangaza waliozoea panya wa maabara. Pumbu liko mbele ya uume, si nyuma yake. Vifuko vya shahawa havipo kabisa, na sehemu kubwa ya majimaji ya shahawa hutoka kwenye tezi dume, ambayo ni kubwa mno kwa mnyama wa kimo hicho, ikisaidiwa na tezi za Cowper. Mrija wa mbegu nao hauzunguki mrija wa mkojo utokao figoni kama ulivyo kwa binadamu, kwa kuwa katika mamalia wenye mfuko mirija ya mkojo hupita upande wa ndani wa njia za uzazi. Mpangilio huohuo ndio unaomfanya jike awe na uke wa pande mbili, na anayepanga kufuatilia safari ya mbegu anapaswa kuuelewa vyema kabla ya kupasua chochote.

Mbegu yenyewe ina ramani yake. Akrosomu, yaani kile kifuko cha vimeng'enya kinachosaidia mbegu kupenya yai, haikuvaa kichwa kama kofia, bali imelala kwenye upande mmoja bapa wa kiini. Mkia haukushikizwa kwenye ncha ya nyuma ya kiini. Umeingia katikati ya upande wa pili, ule usio na akrosomu. Kutokana na hilo, mbegu inapotoka korodanini kichwa chake hukaa kingamo juu ya mkia, na ukiitazama kwa ubavu unaona herufi T. Chukua tone kutoka sehemu ya mwanzo ya epididimisi, yaani mrija uliojikunja kando ya korodani ambamo mbegu hukomaa na kuhifadhiwa, ulitandaze kwenye kioo, na karibu kila mbegu utakayoiona ina umbo hilo, ikiwa bado imebeba kitone cha saitoplazimu shingoni. Chukua tone la pili kutoka sehemu ya mwisho ya mrija huohuo: kichwa kimezunguka na kulala sambamba na mkia, kile kitone kimetoweka, na mbegu sasa ni nyembamba kama sindano. Huhitaji hadubini ya elektroni kuliona hilo. Hadubini ya kawaida ya mwanga na mkono usiotetemeka vinatosha, na kwa mwanafunzi sijui somo jingine la ukomavu wa mbegu lililo wazi kuliko hili.

Jambo jingine wanaloshirikiana limo ndani ya kiini. Protamini, ambazo ni protini zinazobana DNA ya mbegu, kwa mamalia wenye mfuko karibu wote hazina sisteini (asidi-amino yenye salfa), na pasipo sisteini hakuna vile vifungo vya salfa vinavyofunga kiini cha mbegu ya mamalia wa kondo kikawa kigumu kama kokwa. Kiini cha mbegu ya mnyama wa mfuko, kikiwekwa kwenye sabuni kali ya maabara, hulegea na kuvimba kwa urahisi. (Planigale, jamaa wadogo wa danati, wamevunja kanuni hii kwa kuwa na sisteini kwenye protamini zao, atakayechunguza kromatini na asiwachukulie kuwa mfano wa wengine.) Katika uchaguzi wetu maana yake ni kwamba njia za kutayarisha sampuli zilizotungwa kwa mbegu za panya au za binadamu hazifai kunakiliwa neno kwa neno, mnyama awe yupi kati ya hawa.

Mshika rekodi na taabu zake

Dume wa posumu-asali ana uzito wa gramu 7 hadi 10 hivi. Mbegu yake moja ina urefu wa takriban mikromita 356, wakati ya binadamu haifiki 65. Korodani zake zina uzito wa karibu asilimia 4.2 ya mwili mzima. Mtu wa kilo 70 akipimwa kwa uwiano huo angekuwa na korodani za karibu kilo tatu. Kinachoongeza mshangao ni kwamba mtoto wake anapozaliwa hana hata miligramu 5, na hakuna mamalia anayejulikana kuzaa kitoto kidogo kuliko hicho. Nyangumi, kwa ukubwa wake wote, ana mbegu fupi kuliko ya panya, kwa hiyo anayedhani kwamba kimo cha mnyama ndicho kinachoamua kimo cha mbegu hupata jibu lake papo hapo.

Sababu inayotolewa ni ushindani wa mbegu. Jike hupandana na madume kadhaa, watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba tofauti, na dume anayewekeza kwenye korodani kubwa hujiongezea nafasi. Maelezo hayo ya korodani yanakubalika bila taabu. Ya urefu wa mbegu yana utata zaidi, kwa kuwa mbegu ndefu si lazima iwe na kasi kuliko fupi, na urefu una gharama yake katika kuitengeneza na katika kuihifadhi. Anayetaka kulishika swali hili la mageuzi, akiwalinganisha wanyama wengi kwa vipimo, hana budi kuwa na posumu-asali kwenye jedwali lake.

Kumfanya mnyama wa kila siku wa maabara ni jambo jingine. Anaishi kwa chavua na maji matamu ya maua peke yake, hasa ya Banksia na mikalitusi, na kumlisha kifungoni ni kazi ya kila saa. Ndiye spishi pekee iliyosalia katika familia yake, kwa hiyo hakuna ndugu wa karibu wa kumpima naye. Jike anaweza kusimamisha ukuaji wa kiinitete kwa muda, na jambo hilo, ingawa linasisimua, linamvurugia mtafiti hesabu ya siku: ukimkuta jike ana mimba, huwezi kusema kwa hakika alipandwa lini. Isitoshe, vichaka anamoishi vinadhurika kwa moto na kwa ugonjwa wa mizizi unaoua Banksia, na wanyama wa asili wa Australia hawakamatwi bila kibali. Ninamheshimu sana, lakini kama ndiye mnyama wako wa kwanza, utatumia muda mrefu zaidi kumtunza kuliko kumchunguza.

Mbegu zinazoogelea wawili wawili

Oposumu mkia-mfupi yuko upande wa pili kabisa kwa urahisi wa kupatikana. Koloni za maabara zilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 huko San Antonio, Texas, kutokana na wanyama waliotoka Brazili, na vizazi vyake vimesambaa katika maabara za nchi nyingi. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2007, ikiwa ya kwanza kwa mnyama wa mfuko. Jike hana mfuko (ajabu ya jina hilo la kundi!), hubeba mimba kwa siku 14 au 15 tu, na huingia kwenye joto anapowekwa karibu na dume kutokana na harufu yake. Kwa hiyo kupandana kunaweza kupangwa, na saa ya kuanzia kuhesabu inajulikana. Kwa mtafiti wa mbegu, hilo lina thamani kuliko rekodi yoyote.

Ajabu yake imo kwenye epididimisi. Mbegu zinapokomaa, mbili mbili hugeukiana uso kwa uso, upande wa akrosomu wa moja ukagusana na upande wa akrosomu wa nyingine, vichwa vikashikamana kikamilifu, na mikia miwili ikaanza kupiga pamoja. Uoanishaji huu hupatikana kwa wanyama wa mfuko wa Amerika, na miongoni mwa Waaustralia haupo kabisa. Kuna mmoja tu Amerika Kusini anayekwenda kinyume, naye ni Dromiciops wa Chile na Argentina, mnyama mdogo wa misitu ya baridi ambaye mbegu zake huogelea peke peke. Umbile hilo la mbegu lilikuwa miongoni mwa dalili zilizowaonyesha wanasayansi kwamba ukoo wake uko karibu zaidi na wa Australia.

Faida ya kuoana imepimwa. Katika majimaji mepesi tofauti si kubwa sana, lakini katika majimaji mazito, yanayofanana na ute wa njia ya uzazi ya jike, jozi husonga mbele vizuri kuliko mbegu iliyo peke yake. Faida ya pili inaonekana kwenye umbo lenyewe: nyuso zenye akrosomu zimefichwa ndani ya jozi, na hivyo zinakingwa safari nzima. Jozi huachana ndani ya mrija wa yai, karibu na wakati wa kutungisha, na kila moja hubaki kujitegemea. Mtu akiniuliza ni kitu gani cha kuonyesha kwenye hadubini mbele ya darasa zima, nitamwambia bila kusita kwamba ni jozi hizi, kwa kuwa hata asiyejua chochote kuhusu mbegu hutambua mara moja kwamba anachokiona si cha kawaida.

Udhaifu wake ni uleule unaompa umaarufu. Anayetaka kuelewa mbegu za Australia hawezi kuanzia hapa akadhani amemaliza, kwa kuwa jozi hubadili karibu kila kitu: namna ya kuogelea, namna ya kuhesabu mbegu (unahesabu jozi au unahesabu vichwa?), na hata maana ya kusema kwamba mbegu moja imefika.

Danati, na kwa nini ndiye ninayempendekeza

Danati mkia-mnono ana uzito wa gramu 10 hadi 20, hula wadudu, na huhifadhi mafuta mkiani. Amefugwa kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Adelaide, huzaa vizuri kifungoni, na mimba yake ni ya siku 13 hivi. Kromosomu zake ni 14 tu na ni kubwa, jambo linalowapendeza wanaochunguza mgawanyiko wa seli katika korodani. Mbegu yake ina zaidi ya mikromita 200, ambao ni urefu wa kutisha ukilinganisha na panya, ijapokuwa haufikii ule wa posumu-asali. Katika familia yake nyuzi ngumu za mkiani hazikupangwa kwa ulinganifu pande zote. Zimeegemea upande mmoja, na mbegu huogelea kwa kujipinda polepole kama nyoka.

Lakini si urefu unaonifanya nimpendelee. Ni uchache wa mbegu zake, na uangalifu unaoonekana katika matumizi yake. Mamalia wa kondo humwaga mbegu kwa mamilioni, na ni chache mno zinazofika kwenye mrija wa yai. Danati huzalisha na kuhifadhi chache tangu mwanzo, na ilipopimwa, takriban moja kati ya kila kumi ilifika huko. Ukiwa na mnyama wa namna hiyo unaweza kuhesabu. Unaweza kukata mrija wa yai vipande vyembamba na kusema mbegu ziko ngapi, ziko wapi na zimelala vipi, badala ya kutafuta chache zilizopotea katika umati.

Utakachokikuta humo ni hiki. Sehemu ya chini ya mrija wa yai ina vijishimo ukutani, na mbegu huingia humo na kutulia kwa siku kadhaa zikisubiri yai. Zikiwa zimehifadhiwa bado ni nyembamba, vichwa sambamba na mikia, kama zilivyotoka kwenye epididimisi. Yai linapokaribia kushuka, mbegu hutoka vijishimoni, na kichwa huzunguka tena na kurudi kwenye umbo la T. Mgeuko uliotokea ndani ya dume wakati wa kukomaa unatenguliwa ndani ya jike. Ukikumbuka kwamba akrosomu iko kwenye upande bapa wa kichwa, mantiki inajitokeza: wembamba ni wa safari, na T ni ya kukabili yai, kwa kuwa hapo ndipo upande wenye akrosomu unapoelekea mbele na kulala juu ya ganda la yai. Habari hii ukiisoma vitabuni unaweza kuiona ndogo. Ukiiona kwenye kioo, katika mbegu mbili zilizotoka kwenye jike mmoja kwa saa tofauti, inabadilisha namna unavyolielewa lile T la kwanza la korodanini.

Muda nao ni mfupi. Yai la mnyama wa mfuko hushuka likiwa halina zile seli zinazolizunguka yai la mamalia wa kondo, na ganda lake ni jembamba. Mara linapoingia kwenye mrija huanza kuvikwa tabaka la ute, kisha ganda la nje, na mbegu iliyochelewa hunasa kwenye ute huo. Ghala la vijishimo, basi, ni hitaji la lazima: mbegu inapaswa kuwa imekwishafika kabla ya yai. Ukipaka rangi mayai yaliyotungishwa, utaziona zile zilizochelewa zikiwa zimegandia kwenye ute kama nzi kwenye asali.

Antekino, kwa swali moja tu

Antekino wa kahawia ni ndugu wa danati katika familia moja, na mbegu zake zinafanana kwa mengi na za danati. Kinachomtenga ni kalenda. Madume wote hufa baada ya msimu mmoja wa kupandana wa wiki mbili au tatu hivi, wakiwa na umri unaokaribia mwaka mmoja. Testosteroni hupanda, protini inayofunga kotisoli, homoni ya msongo, katika damu hupungua, kotisoli huru hufurika, kinga ya mwili huanguka, na mnyama hufa kwa vidonda vya tumbo na maambukizi. Dume aliyehasiwa mapema haangamii hivyo.

Kwa upande wa korodani, jambo la ajabu zaidi ni kwamba uzalishaji wa mbegu husimama kabla ya msimu kuanza. Mirija ya korodani hubaki karibu na seli za Sertoli peke yake, yaani zile zinazolea mbegu zinapotengenezwa, na dume huingia msimuni akiwa na akiba iliyo kwenye epididimisi peke yake, akiba ambayo kila siku hupungua kidogo kwa kupotelea kwenye mkojo. Kupandana kwenyewe huweza kuchukua saa 12 au zaidi. Dume akichukuliwa porini mapema na kutengwa, anaweza kuishi kuupita msimu, ila korodani zake hazifufuki. Mwaka 2013 mwanaikolojia Diana Fisher na wenzake walionyesha kwamba vifo hivi vinaambatana na ushindani mkali wa mbegu katika msimu mfupi, maelezo yanayokubalika kuliko ile dhana ya zamani kwamba madume hufa ili wawaachie watoto chakula.

Kwa hiyo, ikiwa swali lako ni jinsi korodani inavyofungwa, au jinsi homoni za msongo zinavyokutana na uzazi, hakuna badala yake. Kwa swali jingine lolote antekino ni mnyama wa dirisha moja kwa mwaka: ukikosea kutayarisha sampuli, utasubiri miezi kumi na mbili, na madume utakaowatumia wakati huo ni wa kizazi kingine.

Ukifika kwenye kuamua

Mwenye maabara mbali na Australia, mwenye hadubini ya mwanga na muda wa muhula mmoja au miwili, namwelekeza kwa oposumu, mradi aandike wazi tangu mwanzo kwamba anahesabu vichwa na si jozi. Mwenye ushirika na taasisi ya Australia inayofuga danati, na anayetaka kuelewa kwa nini mbegu ina umbo ililo nalo, aende kwa danati, na apange kupasua majike kwa saa zinazokaribiana kuzunguka wakati wa kushuka kwa yai, kwa kuwa mgeuko wa T hauonekani nje ya saa hizo. Anayefanya kazi ya vipimo vya kulinganisha spishi nyingi anahitaji sampuli chache za posumu-asali zilizohifadhiwa vizuri, na mara nyingi zitatosha zile zilizokwishawekwa makumbusho au kwenye maabara nyingine. Anayemtaka antekino aanze kwa kuandika tarehe za msimu wa mahali anapokusudia kumkamata, kwa kuwa msimu huo hufuata kasi ya kurefuka kwa mchana na hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Akishazijua, ahesabu kurudi nyuma hadi kabla ya mirija ya korodani kuwa tupu, na aanzie hapo kuomba kibali.